Mwaka Ambao Hatukupanda Masereka

Kama umekaa sasa kwenye benchi mbele ya chumba cha makohozi, na kikopo chako umekifunika kwa ncha ya kitenge ili jirani asikione, basi haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza namna kifua kikuu kinavyokula mapafu. Wauguzi wana picha zake ukutani, utaziangalia mpaka uzichoke. Mimi nimepona. Nimemeza vidonge miezi minane, kilo zangu zimerudi, sketi zangu hazihitaji tena pini. Lakini nikikuambia nina furaha nitakuwa nakudanganya, na mgonjwa hudanganywa na watu wengi mno hata bila mimi.

Ninaitwa Kavira, maana yake kwetu Wanande mimi ni binti wa pili. Wa kwanza huitwa Masika, na ndilo jina la dada yangu, ambaye nyumbani sote tulimwita yaya, yaani dada mkubwa. Tulizaliwa Masereka, juu kabisa, kwenye baridi na viazi. Yeye alibaki huko katika nyumba ya wazazi wetu baada ya kuwazika, akilima. Mimi niliolewa chini, Beni, mtaa wa Mulekera, na mwanamume wa Kisangani aliyeletwa na kazi ya posta. Anaitwa Dieudonné. Vita ya pili ilipoingia, posta ilifungwa, Kisangani ikashikwa na kundi jingine la waasi, na mume wangu akabaki kwetu bila mshahara na bila njia ya kwenda kumwona mama yake. Tuliishi kwa mchele na mawese niliyouza sokoni. Watoto wetu ni wawili, Espérance aliyekuwa na miaka kumi na mmoja nilipougua, na Riziki aliyekuwa na sita.

Kila mwezi wa saba, shule zikifungwa, tulipanda Masereka kwa Masika. Wanangu walihesabu mwaka kwa safari hiyo. Huko walilala sita kwenye kitanda kimoja pamoja na watoto wa majirani, walikula viazi vya motoni, walirudi na midomo iliyopasuka kwa baridi wakijisifu. Hata vita ikiwa karibu tulipanda. Tulijua askari wa kizuizi gani wanataka sigara na wa kizuizi gani wanataka tu kuogopwa.

Mara ya mwisho kabla ya ugonjwa, jioni ya kuagana, Masika alinimiminia pombe ya ndizi katika kikombe akanipa. Kwetu mtu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, kisha anakupa. Ni heshima, na pia ni ushahidi kwamba hakuna kitu ndani. Masika hakuonja. Alinipa tu, akageuza uso pembeni. Nilikunywa, maana ni dada yangu, na sikufikiri lolote siku hiyo.

Nilianza kufikiri mwezi wa kumi na mbili, kikohozi kilipokuwa kimenishika wiki ya sita. Nguo zilinipwaya. Pete ya ndoa nilizungushia uzi ili isidondoke kwenye mchele wa wateja. Alasiri nilitetemeka, asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Wenzangu wa sokoni waliniangalia shingo, na mmoja wao, mama muuza chumvi ambaye hajawahi kunipenda, akasema kwa huruma kubwa.

“Mama Espérance, ile haiko kikohozi ya bure. Ile ni karuho. Nani alikupatia kunywa?”

Karuho ni sumu ya polepole. Watu wetu husema huwekwa chini ya ukucha na kudondoshwa ndani ya kinywaji, na anayekunywa hukauka miezi mingi mpaka anakwisha. Sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Niliona kikombe, nikaona dole gumba la Masika kwenye ukingo wake, nikaona uso uliogeuzwa. Nilitaja jina la dada yangu palepale, katikati ya soko, mbele ya wanawake kumi. Maneno ya Beni hayahitaji gari kupanda Masereka. Kabla ya mwezi kwisha, Masika alikuwa amesikia.

Dieudonné alinikataza. Yeye si mtu wa huku, na karuho kwake ni ujinga wa Wanande.

“Hapa kwenu kila mutu anakohoa banamutafuta mulozi,” alisema. “Twende lopitali, chérie. Radiyo tu, ile picha ya kifua.”

Nilimwambia asiniingilie katika mambo ya ukoo wetu. Miezi minne nilikwenda kwa mwanamke mmoja nje ya mji, aliyenipa maji ya mizizi nikatapika mpaka nikaona vitu vyeusi, naye akanionyesha kile cheusi kwa kijiti akisema ndiyo yenyewe, inatoka. Nililipa kuku. Nilipokohoa damu, mume wangu hakuniomba ruhusa tena. Alinibeba kwenye baiskeli ya jirani mpaka kituo cha afya, mimi nimekaa nyuma nimelaza kichwa mgongoni mwake.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu. Muuguzi wa kifua kikuu alikuwa mama mnene mpole, mwenye sauti ya kuimba kanisani. Aliniambia dawa ipo, kwamba nitakuja kila asubuhi miezi miwili nimeze mbele yake, halafu miezi sita nyumbani. Mkojo utakuwa mwekundu, nisiogope. Nisilale na watoto. Kisha akachukua kalamu.

“Sasa unitajie batu yote balilala na weye nyumba moja, balikula na weye, toka mwaka jana. Nitabapima yote.”

Nilimtajia mume wangu, wanangu, jirani anayenisukia nywele, mwenzangu wa meza sokoni. Aliuliza kama kuna mwingine. Nikasema hakuna. Ungeniuliza kwa nini, ningekujibu kwamba Masereka ni mbali na barabara ni mbaya. Ukweli ni kwamba kulitaja jina la Masika kwa muuguzi kulikuwa ni kukiri kwamba nililitaja bure sokoni. Nilikuwa tayari kufa, sikuwa tayari kuaibika mbele ya muuza chumvi.

Mezesha yangu, yaani kumeza dawa mbele ya muuguzi, ilianza mwishoni mwa mwezi wa tano. Benchi ile niliijua kuliko kitanda changu. Tulikuwa tukifika saa kumi na mbili na nusu, tukikaa kila mtu ameelekeza uso upande wake, na hakuna aliyemsalimia mwenzake kwa jina, maana ukimwita mtu jina pale umemtangaza. Kulikuwa na askari kijana kutoka mkoa mwingine, bunduki katikati ya magoti, aliyemeza vidonge akilia kama mtoto kwa sababu vilimkwama. Muuguzi alimpigapiga mgongo akamwambia ameze tu, yuko karibu. Huruma ndogo ndogo kama hizo ndizo zilizonibakiza hai, nami nakuombea uzipate.

Nyumbani Dieudonné alinijengea payoti, kibanda cha nguzo nne na paa la majani, nyuma ya nyumba, nipumue hewa na watoto wakae salama. Sahani yangu ilikuwa peke yake, kijiko changu peke yake. Riziki aliuona mkojo wangu mwekundu akakimbia kumwambia dada yake kwamba mama anakufa kwa chini. Nilicheka, kisha nikalia hadi nikakohoa.

Shule zilifungwa. Riziki akaja akasimama hatua kumi kutoka payoti, kama alivyofundishwa.

“Mama, tutapanda kwa yaya Masika siku gani?”

Barabara ilikuwa imekatwa na mapigano upande wa Lubero, hiyo ndiyo sababu ambayo mtoto angeweza kuielewa. Baba yake alitoka jikoni akajibu kwa niaba yangu.

“Mwaka hii hatupandi. Likizo itafanyika hapa. Lundi inaanza.”

“Hapa ni nyumbani,” Espérance akasema. “Haiko likizo.”

“Weye unajua hii nyumba? Hauijui. Miaka saba mimi siendi kwetu. Nisipojua kufanya likizo ndani ya uzio wa parseli, nani anajua?”

Aliweka sheria. Asubuhi hakuna kufagia kabla ya kula. Hakuna kumtuma mtu dukani baada ya saa sita. Kila siku mmoja wetu atatuonyesha mahali ndani ya uzio ambapo wengine hawajawahi kukaa. Niliona ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi, na nilimhurumia. Lakini Jumatatu asubuhi, niliporudi kutoka kwenye benchi, nilikuta mkeka umetandikwa nyuma ya choo, mahali ambapo tulitupa majivu, nao watatu wamekaa wakitazama mashariki. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na mlima wa Ruwenzori ulionekana wote, na theluji yake. Miaka saba nilikuwa nikiondoka kwenda sokoni kabla ya jua. Sikujua kwamba unaonekana kutoka kwangu. Nilikaa pembeni nikatazama mpaka ukafunikwa tena, na nakiri mbele yako kwamba saa ile nilisahau kwamba ni mgonjwa.

Zilikuwa wiki za ajabu. Dieudonné alipika lituma, ndizi zilizopondwa za kwao Kisangani, na majirani wakachungulia juu ya uzio kumwona mwanamume na mwiko.

“Papa Espérance, bibi alikufukuza?” mmoja akauliza.

“Niko vacances,” akajibu. “Kuya uonje.”

Alichonga ubao wa dama, wakacheza kwa vifuniko vya chupa, na mimi nikicheza kutoka mbali kwa kutaja namba, Riziki akinisogezea vifuniko na kuniibia waziwazi. Espérance alikusanya maji ya kuoga tangu asubuhi katika mabeseni yote ya nyumba, yakapata moto wa jua, akatutangazia kwamba ni maji ya moto ya mlimani, kila mtu ataoga kwa zamu kama watalii. Siku moja risasi zililia upande wa uwanja wa ndege tangu saa nane hadi jioni. Walilala chini ya vitanda, mimi niliacha payoti nikalala peke yangu chini ya meza ya chumba cha nje, tukaimbiana ukuta kwa ukuta. Zilipotulia Riziki aliuliza kama na hiyo ni likizo. Baba yake akasema hiyo ni siku ya mapumziko katika likizo.

Ulikuwa wakati wa dawa ya mwezi wa pili. Kikohozi kilipungua, njaa ikarudi kwa nguvu ya aibu, na mizani ya muuguzi ikapanda. Nilianza kuamini kwamba Mungu amenisamehe bila hata kuniuliza kitu.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa viazi. Alikuwa mtu wa Masereka tunayefahamiana naye, amepitia njia za mguu kuzunguka mapigano, na juu ya baiskeli yake kulikuwa na kikapu. Alikishusha mlangoni.

“Yaya yako anatuma hii. Anasema batoto hawakupanda, basi viazi bishuke.”

Nilikitazama kikapu kile nisijue mikono niiweke wapi. Nikamuuliza habari zake.

“Ah, Mama. Amekonda. Anakohoa tangu zamani, lakini sasa ni nguvu. Batu banasema naye walimutilia karuho. Alipelekwa kwa mutu wa dawa upande wa Alimbongo, alirudi, anataka kurudia tena.”

Ninataka uelewe nilikuwa najua nini saa ile. Nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi miezi miwili, nimeangalia picha za ukutani, nimesikia muuguzi akisema mara mia kwamba kikohozi kinachopita wiki tatu kipimwe. Nilichopaswa kufanya ni kumwambia mtu huyo neno moja: aende hospitali, ni kifua. Foni ya redio ilikuwepo pia, katika duka la sokoni. Kwa dakika chache ungezungumza na padri wa kule. Badala yake nilimshukuru, nikampa maji, akaondoka. Na kikapu nilimwambia Espérance akimwage shimoni.

“Mama, ni biazi nzuri,” alisema.

“Mwaga.”

Aliviangusha kimoja kimoja ili nisikie. Dieudonné hakuwepo. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba likizo ya watoto imebaki wiki mbili, tusiiharibu. Shule zikifunguliwa nitalishughulikia jambo la Masika. Basi tukaendelea. Tulikula mahindi ya kuchoma chini ya mparachichi, tulitazama mlima kila ulipokubali, na nilicheka kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Kila siku ya furaha ile ilikuwa siku ambayo sikutuma neno. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi niliyaficha maradhi ya mwingine, na hilo wazee hawakulitafutia methali.

Mwezi wa tisa, siku ya kwanza ya shule, nilimwambia muuguzi. Aliandika jina la Masika, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Dieudonné ndiye aliyekwenda kwenye foni, akarudi uso umekauka. Masika hakuwepo nyumbani. Alikuwa Alimbongo akinywa mizizi. Ilichukua wiki tano kumpata na kumteremsha hospitali ya Butembo, kwa machela hadi barabarani, kisha juu ya lori la mbao.

Nilikwenda Butembo siku barabara yetu ilipotulia. Nilimkuta kwenye ukumbi wa kungojea, si kitandani, maana vitanda vilijaa; amelala juu ya benchi, miguu yake imefunikwa na koti la mtu. Nilimpita mara mbili nikimtafuta. Masika alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la viazi na mtoto juu yake. Yule wa kwenye benchi ningeweza kumbeba mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilipiga magoti, nikashika mkono wake, nikaanza kusema yaya, nisamehe, nilisema uongo sokoni. Alinizuia kwa kidole.

“Haikuwa bongo, haikuwa uongo,” alisema. Pumzi yake ilikuja vipandevipande. “Balisema ni mimi nilikutilia. Ni kweli. Ni mimi.”

“Hapana, yaya.”

“Nilikuwa na ile kikohozi mbele weye uipate. Ile jioni sikuonja, juu sikutaka kuweka mudomo yangu kwa kikombe yako. Nilisema, nisimupatie mugonjwa. Kumbe ilikupata vile vile. Munganga wa hapa lopitali amenielezea.” Alifunga macho. “Donc ni mimi. Nilitaka ujue hivyo.”

Nilimwambia tena na tena kwamba si yeye, kwamba ni mimi niliyemwacha, kwamba nilijua tangu viazi. Sijui kama alisikia. Alikuwa ameshika wazo lake na lilimtosha. Nilimlisha uji vijiko vinne. Aliuliza kama watoto walivipenda viazi. Nikasema walivipenda sana.

Alikufa siku ya tisa ya mezesha. Tulimzika Masereka, na wanawake wa kule walinipisha njia kwa adabu, bila mtu kunigusa.

Wewe uliye kwenye benchi, muuguzi atakuuliza majina. Taja yote. Taja kwanza lile linalokuchoma kulitamka. Ukibaki na mmoja usiyemtaja, dawa itakuponya hivyo hivyo, ndiyo shida yake. Inaponya mapafu bila kuuliza unastahili au hustahili.

Nilimaliza vidonge mwanzoni mwa mwaka. Muuguzi alinipima makohozi mara ya mwisho, akanishika mikono, akaimba kidogo. Mwaka huo barabara ya Lubero ilifunguliwa, na mwezi wa saba ulipokaribia Dieudonné aliwauliza watoto wakiwa mezani, mimi nikila nao tena sahani moja, kama wangependa twende kuona kaburi la yaya Masika, tukae wiki chache kwenye nyumba ya wazee.

Wasichana waliangaliana. Riziki ndiye aliyesema.

“Papa, hapana. Tubakie hapa. Tufanye tena ile ile likizo ya mwaka jana, Mama akiwa kwa payoti. Ile ndiyo likizo nzuri kupita zote tuliona.”

Dieudonné aliniangalia. Nilimega bugali, nikachovya, nikameza.

“Muzuri,” nikasema. “Tutabaki.”